Hita ya maji ya kuoga: nyumba ya Arusha na nyumba ya Moshi

Mwanzoni mwa Juni shangazi yangu, anayeishi Pasua mjini Moshi, alinipigia simu akiwa dukani, mbele ya rafu ya vifaa vya maji. "Mwanangu," aliniambia, "huyu kijana ananiambia ninunue boila, mwenzake anasema shawa ya umeme inatosha. Wewe uliyejenga, niambie kipi hakitanimalizia LUKU." Nilimwomba asilipe chochote siku hiyo. Yanayofuata ni yale niliyomweleza baadaye, nikiyapanua ili yamfae pia anayejenga Ilboru au Njiro hapa Arusha, au Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako maji ni ya baridi zaidi na hesabu hubadilika.

Neno boila lenyewe linahitaji kunyooshwa kwanza. Ukilitafuta mtandaoni utapelekwa moja kwa moja Uingereza, ambako boila ni mtambo, mara nyingi wa gesi, wenye kazi mbili: kupasha maji ya kuoga, na kuzungusha maji ya moto ndani ya redieta zilizofungwa ukutani ili nyumba nzima ipate joto. Wenzetu huko huyagawa katika aina tatu. La kwanza halina tangi, nalo hupasha maji pale pale mtu anapofungua koki. La pili hupasha maji na kuyahifadhi katika silinda iliyofungwa, likitegemea presha ya bomba la mtaa. La tatu, ambalo ni kongwe zaidi, hulishwa na tangi lililowekwa darini, maji yakashuka kwa uzito wake yenyewe. Sisi hatuna haja ya redieta. Arusha, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushuka usiku wa Julai hadi nyuzijoto 11 au 12, baridi inayotibika kwa sweta na blanketi, na Moshi, iliyo chini kwa zaidi ya mita 400, ina joto zaidi. Kinachotutesa ni maji ya kuoga saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hata hivyo mgawanyo ule wa Waingereza unatusaidia, kwa sababu hita zetu nazo hutofautiana katika mambo hayo hayo mawili: kama maji yanapashwa papo hapo au yanahifadhiwa, na ni kitu gani kinachoyasukuma. Jambo hilo la pili ndilo watu wengi hulisahau hadi fundi ameshaondoka.

Kipimo changu kitakuwa ndoo ya lita 20, kwa kuwa kila nyumba inayo. Maji ya simtanki langu alfajiri ya Julai huwa na nyuzijoto 18. Kuyapasha hadi 40, yaani joto la kuogea, kunahitaji takriban nusu yuniti ya umeme kwa ndoo moja. Kwa usahihi zaidi, yuniti 0.51. Maji ya shangazi tulipoyapima yalikuwa na nyuzijoto 22, na ndoo yake inahitaji yuniti 0.42. Hakuna hita ya koili, iwe ya bei gani, inayoweza kupunguza kiasi hicho, kwa kuwa ni joto ambalo maji yenyewe yanalidai. Muuzaji anayeapa kwamba hita yake inakula umeme kidogo kwa ndoo ile ile ama anauza hita inayotoa maji ya vuguvugu, ama hajui anachokiuza. Tofauti ya matumizi kati ya hita na hita hutokana na joto linalopotea kabla maji hayajakufikia mwilini, na pia na chanzo cha joto hilo.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mteja wa kiwango cha T1, yaani cha matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa yuniti kabla ya VAT na tozo, na vikishaongezwa hivyo yuniti inafika karibu shilingi 356. Ndoo moja ya Arusha kwa hiyo ni kama shilingi 180. Familia yangu ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja kwa siku, ingehitaji karibu yuniti 77 kwa mwezi kwa maji ya kuoga peke yake, na hapo ndipo mteja wa D1, kile kiwango cha nafuu cha matumizi madogo, anapaswa kusimama na kufikiri. Kiwango cha D1 ni shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, lakini nafuu hiyo ina ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hutozwa shilingi 350. Kwa maneno mengine, familia ya watu watano ya Arusha inayopasha maji yote ya kuoga kwa umeme huimaliza nafuu ya D1 kabla haijawasha hata taa. Shangazi anaishi na mjukuu mmoja tu. Maji yao wawili ni kama yuniti 25 kwa mwezi, na matumizi yao mengine yalikuwa yuniti 43 hivi. Ziada ya yuniti saba tu kabla ya kufikia ukomo ule wa 75 ndiyo aliyobaki nayo, na ziada hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mambo.

Shawa ya umeme na tangi la umeme

Shawa ya umeme ni kile kichwa cha kuogea chenye koili ndani yake, ambacho huwaka maji yanapopita na kuzimika yanapokoma. Haihifadhi maji, kwa hiyo haipotezi joto usiku kucha. Udhaifu wake uko kwenye wingi wa maji. Shawa ya wati 5,500 ikipewa umeme kamili wa volti 230 inaweza kutoa, kwa maji yangu ya nyuzijoto 18, lita 3.6 kwa dakika zenye nyuzijoto 40. Fungua koki hadi lita 5 kwa dakika na utapata nyuzijoto 34, ambazo mtoto atazilalamikia na mtu mzima atazivumilia kimya kimya. Shawa hiyo hiyo ikifungwa Moshi kwa shangazi inatoa lita 4.4 kwa dakika zenye joto lile la 40. Ndiyo maana mtu wa Moshi huisifu shawa yake na ndugu yake aliyejenga Ilboru akailaumu, ilhali zimetoka kwenye boksi moja. Jambo jingine ni volti. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi, umeme ukishuka hadi volti 200, nguvu ya shawa hushuka hadi kama robo tatu ya ile iliyoandikwa, kwa sababu nguvu ya koili hupungua kwa kasi kuliko volti.

Wati 5,500 ni ampea 24. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Anayechukua umeme wa shawa kutoka kwenye soketi ya chumbani au, kama nilivyowahi kuona, kutoka kwenye waya wa taa ya bafuni, anaweka moto ukutani. Shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa breka, na mimi ningeweka wa milimita 6 za mraba, pamoja na breka ya ampea 32, swichi ya kukata nje ya bafu, ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) iliyopimwa, na breka ya usalama inayokata umeme unapovuja hata kwa miliampea 30. Katika nyumba nyingi za zamani ethi ipo kwa jina tu: waya umefika kwenye soketi lakini fimbo yake ya nje ilishaliwa na kutu. Kazi hiyo ya umeme inaweza kugharimu zaidi ya shawa yenyewe, na hakuna kipengele kingine katika ulinganisho huu ambacho ningekikataza kubanwa bajeti kwa ukali zaidi ya hiki.

Tangi la umeme, ambalo mafundi wetu wengi ndilo wanaloliita boila, liko upande wa pili. Hili ni tangi la chuma lililofungwa ukutani, lenye ganda la povu la kuzuia joto, koili ya wati 1,500 au 2,000, na themostati, yaani kidhibiti joto. La lita 50 likipashwa kutoka nyuzijoto 18 hadi 60 hutumia yuniti 2.4 na, kwa koili ya wati 1,500, huchukua muda wa saa moja na dakika 40 hivi. Lita hizo 50 za moto zikichanganywa na za baridi huwa lita 95 za kuogea, yaani karibu ndoo tano. Zaidi ya hapo, maji hutoka kwa wingi unaoutaka, na bomba moja linaweza kulisha bafu, sinki la jikoni na karo la kuoshea mikono. Umeme wake ni ampea 7 hivi, mzigo ambao nyumba nyingi zinaubeba bila shida. Kwa starehe, tangi linaishinda shawa, na sioni haja ya kulibishia hilo.

Gharama yake iko katika kusubiri. Tangi la lita 50 linaloachwa limewashwa usiku na mchana linaweza kupoteza karibu yuniti moja kwa siku kwa joto linalotoroka kupitia ganda lake, hata kama hakuna aliyeoga. Yuniti 30 kwa mwezi si kitu kwa nyumba ya wageni ya Njiro; kwa shangazi ni mara nne ya ziada aliyobakiwa nayo. Anayewasha saa kumi alfajiri na kuzima saa kumi na mbili hupunguza hasara hiyo sana, ila itabidi awe na kipima muda au nidhamu, na nidhamu ya saa kumi alfajiri katika Julai ya Arusha siiamini hata kwangu mwenyewe.

Tangi lina mambo mengine ambayo duka halisemi. Likijaa, la lita 50 hupita kilo 60, na ukuta wa bloku zenye matundu hauwezi kubeba uzito huo kwa skrubu za kawaida. Ndani yake kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, na inapaswa kukaguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Isipobadilishwa, kutu huhamia kwenye tangi. Vali ya usalama iliyo chini yake hudondosha matone maji yanapopata joto na kutanuka. Hiyo ndiyo kazi yake, na anayeiziba kwa sababu inalowesha sakafu anatengeneza bomu. Usishushe themostati chini ya nyuzijoto 60 kwa muda mrefu, maana maji ya vuguvugu yanayokaa hufuga bakteria. Na kwa sisi tunaokunywa maji ya mteremko wa Mlima Meru yenye floridi nyingi, hita haiondoi floridi; kuchemsha hupunguza maji na kuiacha floridi ile ile ndani ya maji machache zaidi. Chai ichemshiwe maji yaliyochujwa kwa njia inayofaa, isitokane na bomba la moto.

Sola ya maji

Hapa nina haki ya kusema kwa kirefu, kwa kuwa nililipia somo. Sola ya maji haitengenezi umeme: jua hupasha maji moja kwa moja, maji ya moto huwa mepesi na kupanda kwenye tangi lililo juu, ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, na mzunguko huo hauhitaji pampu. Zipo za mirija ya kioo yenye kuta mbili na ombwe (nafasi isiyo na hewa) katikati, na zipo za paneli bapa zenye mabomba ya shaba chini ya kioo kimoja. Za mirija kwa kawaida ni nafuu na hushika joto vizuri siku ya upepo wa baridi, na mrija mmoja ukivunjika hubadilishwa peke yake. Za bapa ni ghali zaidi, ni imara, na nyingi huvumilia presha ya bomba. Aina ya mirija inayouzwa zaidi kwetu haivumilii presha: tangi lake hupumua, na lazima lijazwe kwa maji yanayoshuka kutoka mahali palipo juu yake.

Fundi aliyefunga ya kwangu alilijua bomba vizuri lakini hakulipima paa. Simtanki langu lilikuwa kwenye mnara wa mita 3, na yeye aliweka sola karibu na kilele cha paa, tangi lake likiwa zaidi ya mita moja juu ya simtanki. Alipofungua vali, maji hayakupanda. "Yatapanda tu, kaka, yanatoa hewa kwanza," alinihakikishia, kisha akaondoka kwenda msibani kwa siku tatu. Jua lilikuwa kali. Aliporudi, mchana wa saa saba, aliunganisha pampu ndogo na kuyasukuma maji ya baridi kwenye mirija iliyokaa mikavu juani. Mirija mikavu ya aina hiyo hupita nyuzijoto 150 kwa urahisi. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi niliposikia mlio kama wa glasi inayokanyagwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na maji yakaanza kutiririka kwenye bati. Mirija mitatu ilipasuka. Sola ya mirija hujazwa asubuhi kabla ya jua au jioni, au hufunikwa kwa turubai hadi ijae. Nilimalizia kwa kuongezea mnara fremu ya chuma ya mita moja na nusu na kuishusha sola hadi katikati ya paa. Simtanki la lita 1,000 lina uzito wa tani moja, kwa hiyo fremu hiyo haikuwa ya kubahatisha.

Mwelekeo nao ni jambo ambalo mafundi hubishania. Arusha na Moshi ziko kusini ya ikweta kwa nyuzi 3 na ushee tu, hivyo jua huvuka juu yetu mara mbili kwa mwaka. Desemba jua la adhuhuri huwa kusini mwa utosi kwa nyuzi 20. Juni huwa kaskazini kwa nyuzi kama 27. Kwa kuwa maji ya moto tunayahitaji hasa Juni hadi Agosti, elekeza sola kaskazini, na mlalo wa nyuzi 15 hivi unatosha maji kupanda vizuri na mvua kuosha vumbi. Kuhusu uzito, sola ya lita 150 iliyojaa hupita kilo 200 pamoja na fremu yake, na kenchi za paa zikaguliwe kabla haijapandishwa.

Jua lenyewe lina kasoro iliyo wazi kwa kila mkazi wa hapa: miezi ya baridi ndiyo miezi ya mawingu. Julai hupita siku mbili au tatu mfululizo ambazo Meru hauonekani kabisa, na siku hizo sola yangu hutoa maji ya vuguvugu. Ndiyo maana nilichagua yenye koili ya akiba, ninayoiwasha kwa mkono jioni nikiona siku ilikuwa ya kijivu. Kifedha, nikikadiria kwamba jua linabeba theluthi mbili ya mahitaji ya watu watano, ninaokoa karibu shilingi 18,000 kwa mwezi. Kwa kifaa ambacho bei yake ingenunua shawa za umeme kumi hivi, hiyo ni akiba ya kusubiri miaka. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, ni kwamba umeme ukikatika alfajiri, watoto huoga maji ya moto na kwenda shule.

Gesi, kuni, na hita ya kuchovya

Hita ya gesi hupasha papo hapo kama shawa, lakini kwa nguvu kubwa zaidi, na cheche yake hutoka kwenye betri, kwa hiyo haijali umeme. Kilo moja ya gesi ya mtungi huingiza kwenye maji joto la yuniti kama 10.5. Gawanya bei ya kilo unayonunulia kwa 10.5 na utapata bei ya yuniti: kilo ikiwa shilingi 3,800, jibu ni 362, karibu sawa na T1. Mtungi wa kilo 15 ni ndoo 300 hivi za Arusha. Haifungwi ndani ya bafu kwa hali yoyote, hata lenye dirisha, kwa kuwa moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Ifungwe ukutani nje, chini ya kibaraza. Nyingi zinahitaji presha kubwa kuliko ile ya simtanki la juu ya paa, hivyo bila pampu hazitawaka.

Boila la kuni, lile pipa la chuma lenye bomba la moshi, ni zuri kwa lodji na hosteli yenye mtu wa kulichochea. Kwa nyumba ya kawaida ni kazi mpya uliyojitafutia. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo hupasha maji kwa gharama ile ile ya nusu yuniti, lakini anayeingiza mkono kupima joto kabla ya kuichomoa anacheza na roho yake, na kwenye nyumba yenye watoto mimi siiruhusu.

Kabla ya kununua chochote, panda ngazi na futi kamba. Kila mita moja kutoka kimo cha maji kwenye simtanki hadi kichwa cha shawa ni presha ya baa 0.1. Boksi la shawa na la hita ya gesi huandikwa presha ya chini kabisa inayohitajika. Ikiwa ni baa 0.3 nawe una mita 2, shawa haitawaka, na kosa si la shawa. Tangi la umeme na sola havina swichi ya presha, lakini maji yatatoka kama uzi.

Kwa shangazi kipimo kilitoa mita 2.8. Tulichagua shawa ya wati 4,500, ambayo boksi lake liliomba baa 0.1 tu, na ambayo kwa maji yake ya nyuzijoto 22 inampa lita 3.6 kwa dakika, sawa na ninazozipata mimi kwa ile kubwa. Fundi umeme alitumia siku nzima: alivuta waya mpya kutoka kwenye ubao wa breka, akapigilia fimbo mpya ya ethi karibu na mgomba ambako udongo hauachi kuwa na unyevu, akaipima, akafunga breka ya usalama na kuijaribu mara tatu mbele ya mwenye nyumba. Julai nzima, yeye na mjukuu wakioga kila siku, shangazi alitumia yuniti 68.